Mwanangu wa darasa la tatu anaandika mikeka ya kubeti kwenye daftari, naombeni ushauri

mama_wawili_Tabata:
Wanajamvi habari zenu. Juzi nakagua madaftari ya mwanangu, ana miaka 9, nafungua la hisabati kurasa za nyuma nakuta kapiga mistari kwa rula vizuri kabisa, timu nane zimepangwa, pembeni GG (timu zote mbili zifunge), ova 2.5 (magoli kuanzia matatu), hom (mwenyeji ashinde), odi zake za malipo, chini kaandika "dau 200". Nikajua ni zoezi kumbe mkeka! Nikamuuliza kwa upole akasema wanacheza na wenzie mapumziko, kila mtu anaweka hela yake ya mihogo, mkeka ukichanika imeenda. Ndo maana wiki nzima anarudi na njaa ananiambia kashakula. Niliumia jamani.

Kwetu mpira ukianza tu ni matangazo ya kubeti, redio asubuhi namuandaa shule ni washindi wanapigiwa simu, akiangalia katuni kwenye simu yangu linakatiza lingine, mpaka mdogo wake wa miaka 4 anaimba vile vibwagizo. Nilitaka kumchapa nikaona hapana. Baba yake anabeti ndio ila hela ndogo. Nianzie wapi?

Mzigua_90:
Pole dada. Anza na baba yake. Tangazo linamwambia mtoto utashinda, halimfundishi GG ni nini, hiyo kaona mtu anajaza. Mimi nilikuwa najaza mkeka mwanangu yuko mapajani namuuliza hapa tumpe nani, timu yake ikishinda namnunulia soda. Siku kaja na buku yake ya Idi anataka nimuwekee, nilifuta kila kitu siku hiyo hiyo.

fundi_simu_Moro:
Kwenye simu ingia akaunti yako ya Google, sehemu ya matangazo, kuna mahali unachagua kupunguza ya kamari na ya pombe, hayaishi yote ila yanapungua. Mtoto muwekee YouTube Kids, hiyo ya kawaida akaunti yake ni miaka 13 kwenda juu. Ukiweza weka na Family Link uone anachofungua. Na namba ya siri ya pesa badilisha leo, watoto wanaikariri wakikuona unalipa luku ya umeme.

Baba_K_Nakuru:
Huku Kenya Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kubeti kwa siku 30, kwa hivyo serikali ikitaka inaweza. Lakini usingoje hiyo mama. Kwangu mapumziko ya mpira runinga inazimwa sauti, tunatoka nje kidogo.

shangazi_Tanga:
Na jezi je? Uingereza jezi za watoto haziwekwi nembo za kamari, na vilabu vya ligi yao kuu vilikubaliana 2023 kuziondoa mbele ya jezi za mechi mwisho wa msimu wa 2025/26. Sisi tunawavalisha mpaka wa chekechea. Mpelekee fundi cherehani ashone juu ya nembo kitambaa chenye jina la mtoto.

mwalimu_Kondoa:
Mama nenda shule, muone mwalimu wa darasa, usitaje wenzie, sema tu kuna watoto hawali. Sheria yetu kubeti ni miaka 18. Nyumbani mpe sarafu, mwambie arushe apate kichwa mara nane mfululizo. Nafasi ni 1 kati ya 256, na mpira una sare pia, kwa hiyo timu nane kushinda zote si rahisi. Ataelewa kuliko fimbo.

mama_wawili_Tabata:
Asanteni sana, mrejesho. Jana usiku nimemuwekea baba yake lile daftari mezani sikusema neno. Kaliangalia weee, mwisho akasema "huu ni mkeka wangu wa Jumamosi". Mtoto alikopi wote kutoka kwenye simu yake, mstari kwa mstari. Hakula. Asubuhi kanionyesha kashafuta ile programu, halafu wakakaa barazani na mtoto wanarusha sarafu, mpaka naondoka walikuwa hawajavuka mara nne. Kesho naenda shule.