Chai ya maziwa: viungo vya kuponda au masala ya pakiti?

BiMwana_Tanga
Wapendwa, habari za jioni. Miaka yote natumia masala ya unga ya dukani, kijiko cha chai kwa sufuria ya vikombe sita. Juzi nikanunua iliki nzima, mdalasini wa vijiti na tangawizi mbichi. Harufu ilifika mpaka barazani! Lakini maziwa yalikatika, mabonge juu, maji ya manjano chini. Nirudi kwenye unga?

KinuNaMchi
Usirudi, dada. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na dawa yake ni moto. Iponde, itie kwenye maji matupu, itokote dakika tano. Kisha majani, maziwa yaje mwisho. Iliki ponda pamoja na maganda, chujio litayashika. Na uiponde saa ile ile ya kupika. Ukishaiponda ukaihifadhi, harufu inakwenda zake.

BabaPacha
Mimi natetea unga. Saa kumi na moja alfajiri wanangu wanajiandaa kwenda shule, kinu nakitwanga saa ngapi? Na unga haujanikatia maziwa hata siku moja. Ubaya wake ni yale machicha yanayotuama chini ya kikombe, na pakiti nyingine mdalasini umezidi hadi iliki huisikii.

Shangazi_Maskati
Huku Oman tunakunywa karak: majani yachemke sana mpaka rangi ikolee, iliki, maziwa ya kopo, ukipenda na nyuzi chache za zafarani. Ni nzito na tamu. Ila siku ya mahamri na mbaazi nataka chai ya kwetu, maziwa ya ng'ombe na viungo vya kuponda. Karafuu msizidishe jamani, mbili zatosha sufuria nzima. Zikizidi, ulimi unakufa ganzi.

KinuNaMchi
BabaPacha, jaribu hivi: ponda tangawizi na mdalasini usiku, chemsha na maji, tia kwenye chupa ya chai. Alfajiri unaongeza iliki, majani na maziwa tu.

BabaPacha
Hilo naliweza. Kesho najaribu.

BiMwana_Tanga
Nimepika leo, maziwa mwisho kama ulivyosema. Hayakukatika, utando umekaa juu vizuri kabisa. Karafuu nilitia tatu kabla sijasoma ya Shangazi, na kweli zimezidi. Kesho mbili.