Mrejesho: insha moja kwa maombi mengi ya utafiti

Wadau, asanteni sana. Niliuliza kama naweza kutumia insha ileile kuomba programu kadhaa za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza.

Nilifuata ushauri wa dada aliyesema habari zangu zibaki, ila aya inayohusu maabara ninayoiomba iandikwe upya kila mara. Maelezo ya mradi wangu wa maji ya Mto Nairobi yaliingia kote karibu neno kwa neno. Kwa OIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Okinawa, Japani, nilisoma kwanza makala za maabara niliyoichagua, kisha nikaonyesha swali lao linakutana wapi na kazi yangu. Aya hiyo moja ilinila muda mwingi kuliko sehemu nyingine yote ya insha. Nimekubaliwa!

Kwingine wamenikataa, ingawa nako niliandika aya mpya, kwa hiyo msiichukue kama dawa ya kila kitu.

Na ndugu uliyenitahadharisha kuhusu REU, yaani programu za Marekani za utafiti kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, Mungu akubariki. Kweli zile za NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, huwalipa raia na wakazi wa kudumu wa huko tu, nikazielekeza nguvu kwingine mapema.

Anayetaka kuziona aya zangu aniandikie, nitamtumia.