Mfarishi wa leso za mama: rangi zinagombana, nifanyeje?

Binti wa Langoni, Lamu
Assalamu alaykum, wenzangu. Marehemu mama alituachia sanduku la leso, yaani kanga, nami nimeazimia kuziunga ziwe mfarishi mmoja wa kumpa binti yangu siku ya arusi yake. Nimekwisha kukata vipande 48 vya inchi 10 kwa 10 na kuvitandaza sakafuni, lakini kila nikivitazama naona vurugu tupu: wekundu wa kisutu, ile leso ya arusi, unagombana na zambarau, na korosho za leso moja zinapotelea ndani ya maua ya nyingine. Dada yangu ananishauri nitie kipande cheupe baada ya kila kimoja ili macho yapumzike. Nachelea kwamba mfarishi utapooza, na mama hakuwa mtu wa rangi zilizopooza. Nisaidieni.

Fundi wa Mkomani
Wa alaykum salaam, dada. Weupe uuache kwanza. Rangi zako hazigombani kwa sababu ni kali, bali kwa sababu zimekoza kwa kiasi kimoja na mapambo yake yana ukubwa mmoja, hata jicho halijui lianzie wapi. Vipige picha kwa simu, kisha uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Vipande vitakavyotoka na kijivu kilekile usivilaze ubavu kwa ubavu, hata kama kimoja ni chekundu na cha pili ni kijani. Baina ya korosho kubwa weka vidoto vidogo vya kwenye pindo.

Mfumaji wa Malindi
Naunga mkono. Mimi nafuma kwa sindano mbili, na aliyenitoa woga wa rangi ni Kaffe Fassett, mbunifu wa ufumaji na mifarishi, mzaliwa wa San Francisco aliyehamia Uingereza mwaka 1964, ambaye kazi zake zilionyeshwa katika Victoria and Albert Museum, London, mwaka 1988. Yeye hatumii nyekundu moja. Huzipanga nyekundu nyingi zinazokaribiana, kutoka ya damu ya mzee hadi ya waridi, mpaka ukali wa moja ukabebwa na nyingine.

Bibi wa Shela
Mwanangu, mimi nina neno juu ya mkasi wako. Leso ina pindo, mji (ile sehemu ya katikati) na jina (maandishi yake), nawe umeikata kana kwamba ni kitambaa cha gora. Ikiwa imebaki hata moja nzima, mji wake uuweke katikati bila kuukata, jina lake lisomeke, na mapindo uyazungushe pembeni mwa mfarishi wote. Tena, leso ambazo hazijapata kuingia maji zifue peke yake kwanza, maana nyekundu mpya huchuja, na ikishaingia kwenye nyeupe ya jirani haitoki.

Binti wa Langoni, Lamu
Ahsanteni sana. Nimepiga picha: kisutu na ile buluu nzito vimetoka kijivu kimoja kabisa, na nilikuwa nimevipanga pamoja mara tano. Nimevitenganisha kwa vipande vya manjano, na zambarau sasa imetulia. Bibi, nashukuru kwa kuniwahi, kwani chini ya sanduku ipo doti ambayo bado ina wanga wa dukani. Nimeiloweka usiku huu, na maji yamekuwa mekundu kama ya rosela. Moja nitaiweka katikati nzima. Ya pili nitachukua mapindo tu.