Kiya inaongeza kistari baada ya herufi C

Swali: Wakuu, salaam. Nimeunganisha padeli mbili (vibonyezo vya vidole, kimoja cha nukta na kingine cha vistari) na kiya, yaani saketi inayotengeneza alama za Morse, iliyomo ndani ya redio yangu, nikaweka mwendo wa maneno 20 kwa dakika, lakini kila nikizibana pamoja ili kutuma C, yaani kistari-nukta-kistari-nukta, kistari kingine hujitokeza mwishoni. Je, plagi ina hitilafu?

Jibu: Ndugu, plagi ni nzima, kwani ya mono (yenye miguso miwili tu badala ya mitatu) ingeunganisha pete, yaani mguso wa vistari, na shina, yaani mguso wa ardhi, na redio ingetoa vistari mfululizo bila kuguswa. Redio yako iko katika hali B, ambayo, ukiachia padeli zote alama ikiwa bado inalia, huongeza alama moja ya kinyume chake (kistari baada ya nukta, au nukta baada ya kistari), ilhali hali A humaliza alama iliyopo na kunyamaza. Ingia kwenye menyu uchague A.

Jibu: Nakubaliana na mwenzangu kuhusu chanzo, ila mimi nisingekimbilia A. Achia padeli wakati kistari cha pili kingali kinalia, na nukta ya mwisho itakuja yenyewe. Kwa maneno 20 nukta ni milisekunde 60 tu, hivyo teremsha mwendo hadi 12, ambapo nukta huwa milisekunde 100, mpaka vidole vizoee.

Muulizaji: Nimeachia mapema na C imetoka safi. Ahsanteni.