Jamii ya kubuni isiyowasha moto: tunaisifu au tunaidharau?

Kalamu Mbichi (mleta mada)
Wadau, naomba mawazo yenu. Naandika riwaya ya fantasia, na ndani yake kuna jamii niliyoibuni, Wayungi. Ni warefu, vidole vyao vina utando, wanaishi kwenye msitu unaofurika maji nusu ya mwaka. Hawakati mti ulio hai, hawaui mnyama, hawalimi na hawajawahi kuwasha moto. Wakitaka nyumba, wanauimbia mti mpaka matawi yajikunje. Rafiki yangu aliyesoma sura tatu za mwanzo kaniambia nimewatukana: nimeumba mapambo, sikuumba watu. Imeniuma kwa sababu nawapenda mno. Je, kubuni watu wanaoishi kwa amani kamili na asili ni kuwapa heshima au ni kuwadharau?

Jiwe la Mtoni
Rafiki yako kakupenda kweli. Hakuna kiumbe kinachoishi mahali bila kupagusa. Tembo anaangusha miti. Mchwa analima uyoga ndani ya kichuguu. Kule Amerika ya Kusini kuna chungu wanaokata majani mabichi na kuyapeleka chini ya ardhi kuoteshea kuvu ambao ndio chakula chao. Mdudu ana shamba, Wayungi wako hawana hata kazi ya asubuhi. Wanaamka wafanye nini?

Bi Nukta
Mimi nimekwama kwenye moto. Hawajawahi kuwasha, kwa nini? Nani kakwambia moto ni adui wa msitu? Hayo ni mawazo ya mtu anayeujua moto wa jiko la gesi tu.

Kalamu Mbichi
Dada, umejuaje jiko langu? Nimeuliza habari ya heshima, wewe unanipima nilivyolelewa. Msitu wao umefurika, kuni zote zimelowa. Basi.

Bi Nukta
Umesema unafurika nusu ya mwaka. Nusu nyingine je?

Mzee wa Kivuli
Mwacheni kijana aandike. Ngano zetu zina sungura anayemlaghai simba, na sijawahi kusikia mtu akiuliza sungura kajifunzia wapi kusema. Msomaji aliyechoka ana haki ya kupewa mahali pasipo na shoka. Mimi nikisoma kwamba mti unaitika wimbo, moyo unatulia. Mnataka kila msitu uwe na hesabu ya magogo?

Jiwe la Mtoni
Shikamoo mzee. Tatizo langu si mti kuitika. Hifadhi ya Yellowstone kule Marekani ilitangazwa mwaka 1872, ikasifiwa kuwa pori halisi lisiloguswa na mkono wa mtu. Kumbe Washoshone walikuwa wakiishi na kuwinda humo tangu enzi na enzi, na miaka iliyofuata wakaondolewa. Ukishawaaminisha watu kwamba asili safi ni ile isiyoguswa, aliyekuwa akiigusa kwa akili anageuka mvamizi kwake mwenyewe. Ndiyo maana hadithi ya watu wasioacha hata alama inanitisha.

Bi Nukta
Na huo moto ambao Wayungi wanauogopa ndio uliotunza nchi za watu. Wenyeji wa Australia kwa maelfu ya miaka wamechoma nyika kipande kwa kipande, moto mdogo wa msimu unaofaa, majani mabichi yachipue na wanyama waje. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Rhys Jones aliupa utaratibu huo jina ambalo kwa lugha yetu ni kilimo cha kijinga.

Mti Mkavu
Samahani? Kilimo cha KIJINGA? Watu wametunza bara zima halafu wewe unakuja hapa kuwaita wajinga, na hapohapo unamsema mwenzako eti ana dharau? Haya ndiyo yanayofanya mtu akose hamu ya kuchangia.

Bi Nukta
Kijinga ni kipande cha ukuni kinachowaka. Kijinga cha moto, vijinga vya moto. Fungua kamusi kabla ya kufungua mdomo.

Mti Mkavu
Hata kama. Neno lenye maana mbili hulitupi mbele za watu ukaondoka. Ungesema ukuni wa moto ungepungukiwa nini?

Bi Nukta
Ningepungukiwa neno. Bibi yangu alikuwa akiniambia lete kijinga tuwashie huku, na hakuwa akimtukana mtu. Lugha ina maneno yake, siwezi kuyazika eti kwa sababu kuna mtu hakuyasikia utotoni.

Mti Mkavu
Sasa umeshafika kwenye utoto wangu. Haya.

Pwani Tatu
Nyie wawili mmeuteka mjadala. Ila msijidanganye kwamba mwenyeji hakosei. Yule ndege mkubwa wa New Zealand asiyeruka, jina limenitoka, aliliwa mpaka akaisha.

Jiwe la Mtoni
Moa. Walikuwa spishi tisa. Mababu wa Wamaori walifika karne ya 13 kuelekea ya 14, na haikupita miaka mia mbili na kitu moa wakawa wamekwisha.

Pwani Tatu
Ndiye huyo! Na hao hao Wamaori wana rahui, marufuku ya muda: eneo linafungwa, havuliwi samaki wala havunwi kitu mpaka pahali papumzike. Kalamu Mbichi, nisikilize. Utulivu wa watu wa aina hiyo una kovu ndani yake. Wayungi wako hawana kovu lolote, kwa hiyo hawana sababu ya kuwa wapole. Wape kitu walichokimaliza zamani kwa mikono yao, kiumbe ambacho watoto wao wanakijua kwa jina tu.

Mzee wa Kivuli
Hapo umesema jambo, ingawa limenihuzunisha. Mimi nilikuwa naupenda msitu ule bila dhambi.

Kalamu Mbichi
Nimekaa na hili la Pwani Tatu kutwa nzima. Huenda wimbo wanaouimbia mti ulikuwa mwanzoni wimbo wa kuomba msamaha. Hilo naliweza. Lakini Bi Nukta, nakubali kwa shingo upande: nusu kavu ya mwaka wangechoma nini? Na mafuriko yakija, moto wanautunzaje?

Bi Nukta
Wachome nyasi za kingo za maji mapema, kabla hazijakauka kabisa, moto mkali usiingie msituni baadaye. Kuna misonobari ya Amerika ya Kaskazini ambayo koni zake, yaani vifuko vyake vya mbegu, zimezibwa kwa utomvu, hazifunguki mpaka ziguswe na joto kali. Buni mti wa namna hiyo. Mti unaongoja moto ndipo uzae utakupa sura nzima, na hapo ndipo wimbo na kijinga vitakutana.

Mti Mkavu
Kamusi nimeifungua. Neno lipo na maana ni hiyo uliyosema, lakini ile ya "kufungua mdomo" sijaisahau. Namjibu mleta mada tu, sikujibu wewe. Mwaka 1991 kwenye milima ya Alps ilipatikana maiti ya mtu aliyeganda barafuni zaidi ya miaka 5,000. Alikuwa na chombo cha gome la mti, ndani yake majani mabichi na mabaki ya mkaa. Alikuwa akitembea na moto wake umefungwa kwenye majani. Wayungi wenye vidole vya utando wanaweza kuubeba vivyo hivyo juu ya maji, mkono kwa mkono, miezi sita mizima.

Bi Nukta
Na huyo anayeubeba anaitwa nani kwa lugha yao?

Mti Mkavu
Muulize mwenye riwaya. Mimi maneno nimeshayaogopa.

Kalamu Mbichi
Hana jina bado. Nimeifuta sura ya kwanza, naanza na yeye.