Mrejesho: mvua ya kwenye beseni imenyesha

Habari zenu ndugu zangu, mimi ndo yule mwalimu wa huku Mikindani niliyeuliza kwa nini mfano wangu wa mzunguko wa maji (beseni la maji lililofunikwa nailoni, kikombe kitupu katikati) unajaa ukungu kwenye nailoni ila hakuna hata tone linaloingia kwenye kikombe. Mkanambia nailoni nimeivuta mno, niweke kijiwe katikati ilegee, na barafu juu yake.

Jana tumefanya. Maji tumechota baharini, beseni jeusi, kikombe cha bati katikati, nailoni tumeibana ukingoni mwa beseni na mpira wa baiskeli (hapo msizembee, mvuke ukitoroka ndo basi), tukaweka juani saa nne, na barafu ile ya kifuko juu ya kijiwe. Haikupita muda matone yakaanza kuteleza kuelekea kwenye kijiwe, tone la kwanza lilivyodondoka darasa zima lilipiga kelele jamani! Mpaka saa saba tulipata kama vijiko vinne.

Ila kilichonigusa zaidi ni pale walipoonja, maji hayana chumvi kabisa! Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, sasa imeenda wapi? Binti mmoja ambaye babu yake ana mashamba ya chumvi akajibu mwenyewe, imebaki chini, jua linabeba maji tu. Mimi nikanyamaza, sikuwa na cha kuongeza. Beseni tumeliacha wazi likauke waone chumvi kwa macho.

Asanteni sana, aliyenipa wazo la kijiwe Mungu ambariki.