Kuku wangu anaingia kiotani anatoka bila yai, naombeni msaada

Wafugaji wenzangu, habari zenu. Nina matetea wanne tu nyuma ya nyumba. Huyu wa madoadoa ndiye mkubwa wao, ana miaka mitatu, na ndiye anayenifuata hadi mlangoni nikitoka na bakuli. Jana nilipofungua banda wenzake walitoka mbio, yeye akabaki amejikunyata, manyoya kayatutumua, mkia kaubana chini. Anaingia kiotani, anakaa nusu saa, anatoka mtupu. Leo hajagusa chakula. Upanga wake wa kichwani umepauka, na kinyesi ni majimaji meupe kidogo tu. Hakohoi, shingo haijapinda, wenzake wazima. Wiki iliyopita mayai yake mawili yalitoka na ganda laini, moja likanipasukia mkononi.

Watu wananiambia nimchinje kabla hajafa. Mimi nataka kumpigania kwanza.

Jibu 1
Mpe antibayotiki haraka, usisubiri. Mimi kuku akizubaa tu namwekea dawa kwenye maji.

Jibu 2
Ndugu, usikimbilie dawa. Kwa ulivyoeleza, hasa hayo maganda laini, mimi nafikiria yai limekwama. Ingekuwa mdondo, ule ugonjwa wa kuku wa kuambukiza (Newcastle), kwa kawaida ungeona na wengine wanaanguka, na mdondo wenyewe hauna tiba, ni chanjo tu. Antibayotiki haitoi yai lililokwama, na mabaki yake yanaingia kwenye mayai utakayokula.

Mpapase taratibu chini ya tumbo, kati ya miguu na tundu la nyuma. Mara nyingi utagusa kitu kigumu cha mviringo. Usikikamue! Yai likivunjikia ndani, ganda linamchana na uchafu unabaki tumboni. Hapo ndipo wengi huwapoteza. Chukua beseni, weka maji ya uvuguvugu yamfike tumboni, yawe ya kuvumilika kwenye kifundo cha mkono wako. Mkalishe humo dakika 15 hadi 20, ukimshika mabawa kwa upole. Wengi hutulia, hata husinzia. Kisha mkaushe kabisa kwa taulo, mpake mafuta safi kidogo kwenye tundu, mweke peke yake kwenye boksi lenye joto na giza, maji ya kunywa karibu. Rudia baada ya saa chache.

Kama hajataga ndani ya siku moja, au anahema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Yeye ana sindano ya kalsiamu, sisi hatuna.

Jibu 3
Naongezea: asubuhi kabla hajala mguse gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na gumu, tatizo ni jingine, chakula kimeziba. Na nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, kuku hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata akionekana mzima.

Muuliza swali
Nimerudi. Gole lilikuwa tupu, na tumboni niligusa yai kweli. Nilimwogesha jana jioni, halafu tena saa nne usiku. Mara ya pili alilaza kichwa kwenye mkono wangu akafumba macho, nikadhani ananifia. Alfajiri nikasikia anakwaruza boksi. Nikafunua, yai liko pale, refu kuliko kawaida, ganda lina vipele kama mchanga, na tone la damu. Yeye amesimama, anakunywa maji, anainua kichwa na kumeza, anarudia tena. Nililia, sifichi.

Je, sasa nimpe nini ili lisijirudie?

Jibu 2
Hongera sana! Mwache boksini siku mbili tatu, ule mwanga hafifu utampunguzia kasi ya kutaga. Ganda moja linamlia kama gramu 2 za kalsiamu, kwa hiyo weka chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza yaliyosagwa au maganda ya mayai yaliyookwa na kupondwa, ale mwenyewe anavyotaka. Chakula kikuu kiwe cha kuku wa mayai. Na ukiona ganda laini tena, usingoje abane mkia.